Vitamini E: Kopo la Mnadani au Chungu cha Nyumbani?



Leo nazungumza zaidi na akina mama wa Kilwa, Lindi na pwani yetu yote ya kusini ambao hedhi zao zimekwisha koma. Mimi ni mganga msaidizi katika zahanati ya kijiji. Kwa umri mimi ni mtoto wenu, na kwa wengine ni mjukuu. Kwa hiyo kwanza natoa shikamoo. Pili naomba radhi, maana nitataja mambo ambayo kijana hayataji mbele ya mama yake. Lakini katika afya, kuona haya kumewapoteza wengi. Ni afadhali niseme, mnisamehe, kuliko ninyamaze halafu muumie.

Akina baba nao wasiliweke gazeti chini. Mnaishi na mama hawa, na fedha inayonunua dawa hutoka katika mfuko mmoja wa nyumba.

KISA CHA MAMA MMOJA

Msimu mmoja wa ufuta, fedha za mnada zilipokwisha kulipwa, alikuja zahanati mama wa miaka kama 58. Mkononi alikuwa na kopo dogo la vidonge laini, vya rangi ya dhahabu, mfano wa matone ya asali. Mchuuzi alikuwa amemwambia kwamba hiyo ni vitamini E: inarudisha ujana, inasafisha mishipa, inazuia presha na inaondoa uzee mwilini. Mama akaniuliza, "Mwanangu, nimeze?"

Siku hiyo foleni ilikuwa ndefu. Nikamjibu kwa haraka, "Ni vitamini tu, mama, haina neno."

Baada ya miezi mitatu alirudi ameshikwa mkono na binti yake. Kichwa kilikuwa kinamuuma, na macho yanaona ukungu. Nilipompima presha ilikuwa 190 kwa 110. Kumbe alikuwa ameacha vidonge vyake vya presha. Fedha ya nauli na dawa iliishia katika kopo, tena aliamini kwamba kopo linafanya kazi zote mbili. Tulimpeleka hospitali, na kwa bahati njema alipata nafuu.

Kosa lilikuwa langu. Mama aliuliza swali la maana, nami nikampa jibu jepesi. Sikumuuliza, "Unatumia dawa gani nyingine?" Tangu siku hiyo nimesoma habari za vitamini hii na kuwauliza wakubwa wangu wa kazi. Niliyoyapata ndiyo ninayowaletea leo.

VITAMINI E NI KITU GANI?

Vitamini ni vitu ambavyo mwili unavihitaji kwa kiasi kidogo sana, lakini ukivikosa kabisa unadhoofika. Mwili wa mtu hauwezi kujitengenezea vitamini E. Lazima itoke katika chakula. Vitamini hii hukaa katika mafuta, kwa hiyo tunaipata zaidi katika mbegu, karanga na mafuta ya mimea.

Iligunduliwa mwaka 1922 katika Chuo Kikuu cha California, Marekani, na wataalamu wawili, Herbert Evans na Katharine Bishop. Waliwalisha panya chakula ambacho hakikuwa na vitamini hiyo hata chembe. Panya majike walishika mimba, lakini mimba ziliharibika. Walipoongezewa majani mabichi ya letusi na kiini cha ngano, wakazaa vizuri. Mwaka 1936 vitamini yenyewe ilitolewa ikiwa safi kutoka katika mafuta ya kiini cha ngano. Ikapewa jina la tokoferoli, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya kubeba uzazi.

Nadhani hapo ndipo ilipoanzia sifa ya kwamba vitamini E ni dawa ya tumbo la uzazi na ya ujana. Lakini tufikiri vizuri. Panya wale walikuwa wamenyimwa vitamini E yote. Mama wa Kilwa anayekula karanga, mboga za majani na samaki hakunyimwa. Kumpa maji mtu mwenye kiu ni kumponya. Kumpa mapipa kumi ya maji mtu aliyekwisha kunywa hakumuongezei afya. Kwa kweli upungufu mkubwa wa vitamini E ni nadra sana kwa binadamu. Huwapata hasa wagonjwa ambao matumbo yao hayawezi kufyonza mafuta, na watoto waliozaliwa kabla ya siku zao.

KAZI YAKE MWILINI

Kila mkazi wa pwani anajua kutu. Bati jipya likikaa miaka michache mbele ya upepo wa bahari huanza kuliwa. Kila mpishi anajua pia harufu ya mafuta yaliyochacha, au korosho iliyokaa sana hata ikawa na ladha mbaya. Mambo haya mawili yana chanzo kimoja. Hewa tunayovuta ina oksijeni. Oksijeni hiyo hiyo ndiyo inayokula bati na ndiyo inayochachisha mafuta.

Mwili wetu nao unatumia oksijeni kuunguza chakula ili upate nguvu. Lakini hakuna moto usiotoa cheche. Cheche za mwilini ni chembe ndogo sana zenye uchokozi, ambazo wataalamu huziita radikali huru. Moshi wa sigara na baadhi ya magonjwa huziongeza. Zikizidi, huunguza kuta za seli zetu, kwa sababu kuta hizo zimejengwa kwa mafuta.

Fikirini nyumba ya makuti iliyo karibu na jiko la kuni. Mwenye nyumba mwangalifu humweka mtu wa kuzima kila cheche inayorukia paa. Vitamini E ndiye mtu huyo. Hukaa ndani ya mafuta ya kuta za seli na kuzima cheche kabla moto haujasambaa. Akichoka, vitamini C humrudishia nguvu ili aendelee na kazi. Vitu vyote vinavyofanya kazi ya namna hii huitwa antioksidanti, yaani vizuia-kutu vya mwili. Vitamini E ni kimoja tu. Vingine ni vitamini C na rangi za matunda na mboga, kama ile rangi ya manjano ya embe, papai na boga.

Kwa hiyo mchuuzi wa mnadani hakutunga yote. Vitamini E ni ya kweli na kazi yake ni ya kweli. Lakini kutoka hapo yeye huruka na kusema kwamba ukimeza nyingi utazuia maradhi ya uzee. Hapo ndipo tunapopaswa kumuuliza: nani amepima?

MWILI WA MAMA BAADA YA HEDHI KUKOMA

Kukoma hedhi si ugonjwa. Ni hatua ya maisha kama kubalehe. Wanawake wengi huifikia kati ya miaka 45 na 55. Mama akikaa miezi 12 mfululizo bila kuona siku zake, na hana mimba wala sababu nyingine, husemwa kwamba hedhi imekoma.

Linalotokea ni kwamba vifuko vya mayai vimemaliza kazi yake, na homoni iitwayo estrojeni imepungua sana. Ndiyo maana baadhi ya akina mama hupandwa na joto la ghafla usoni na kifuani, hutoka jasho usiku, hukosa usingizi, na njia ya uzazi huwa kavu. Haya yanasumbua, lakini hayaui.

Mengine huja kimyakimya. Mifupa huanza kupoteza uzito upesi, ikawa rahisi kuvunjika. Lehemu katika damu huongezeka. Presha nayo hupanda kadiri umri unavyokwenda, na ugonjwa wa moyo, ambao kwa mama kijana ni nadra, huanza kuwa jambo la kawaida.

Kwa kuwa lehemu ya damu huharibu mishipa zaidi ikikutana na zile cheche, wataalamu walifikiri hivi: tukimpa mama vizuia-kutu kwa wingi, mishipa yake itabaki mizima. Lilikuwa wazo zuri, nao wakaliweka katika majaribio.

WATAALAMU WALIPOPIMA

Huko Marekani kuna jimbo la wakulima wa mahindi liitwalo Iowa. Kuanzia mwaka 1986 waliulizwa akina mama 34,486, wote hedhi zao zimekoma, wanakula nini na wanameza nini. Wakafuatwa kwa miaka kama saba. Matokeo yalitangazwa mwaka 1996. Wale waliopata vitamini E nyingi zaidi kutoka katika chakula walikufa kwa ugonjwa wa moyo kwa uchache zaidi. Lakini wale walioipata kwa kumeza vidonge hawakuonekana kufaidika kuliko wengine.

Msomaji, tafadhali soma tena sentensi hizo mbili za mwisho. Vitamini iliyo katika chakula ilikwenda pamoja na vifo vichache vya ugonjwa wa moyo. Ile ya kopo haikuonyesha hivyo.

Hata hivyo, kuuliza watu wanakula nini si sawa na kujaribu. Anayekula vizuri huenda pia havuti sigara na anafanya kazi za mwili. Kwa hiyo yakafanywa majaribio kamili. Watu waligawanywa kwa bahati nasibu. Wengine walipewa vitamini, wengine vidonge bandia visivyo na dawa, na hakuna aliyejua amepewa kipi.

Jaribio moja, lililotangazwa mwaka 2002, lilihusu akina mama 423 waliokoma hedhi na ambao mishipa ya moyo yao ilikuwa imekwisha anza kuziba. Waliomeza vitamini E na vitamini C kwa wingi hawakupata nafuu. Kulikuwa hata na dalili kwamba hali yao ilikuwa mbaya kidogo kuliko ya wenzao.

Jaribio kubwa zaidi lilitangazwa mwaka 2005. Wanawake 39,876 wenye afya, wa miaka 45 na kuendelea, walifuatwa kwa miaka kumi. Waliopewa vitamini E, uniti 600 siku moja baada ya nyingine, hawakupungukiwa na saratani, na kwa jumla hawakupungukiwa na mashambulio ya moyo wala kiharusi. Vifo vya moyo peke yake vilikuwa pungufu, lakini ukijumlisha vifo vyote hapakuwa na tofauti. Wataalamu waliofanya kazi hiyo walisema wenyewe kwamba matokeo hayatoshi kuwashauri wanawake wenye afya wameze vitamini E ili kuzuia moyo au saratani. Mwaka 2022 jopo la Marekani linalotoa ushauri wa kinga lilikwenda mbele zaidi. Lilishauri watu wasitumie vidonge vya vitamini E kwa makusudi hayo.

Je, lile joto la ghafla? Jaribio la mwaka 1998 lilihusu wanawake 120 waliokuwa wametibiwa saratani ya matiti. Vitamini E ilipunguza joto hilo kiasi cha mara moja tu kwa siku kuliko kidonge bandia. Na walipoulizwa kipi kiliwafaa zaidi, hawakuichagua vitamini E.

NYINGI IKIZIDI HUDHURU

Wengi tunafikiri kwamba vitamini haiwezi kudhuru. Mimi nilifikiri hivyo, nikamjibu mama yule hivyo. Sivyo. Makuti yanahitaji mtu wa kuzima cheche, lakini makuti yanayomwagiwa maji mchana na usiku nayo huoza.

Mahitaji ya mtu mzima ni madogo. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Chakula na Kilimo yametaja miligramu 7.5 kwa siku kwa mama. Wamarekani hutaja miligramu 15. Kidonge kimoja cha uniti 400 kina zaidi ya mara kumi ya hata hicho kiasi cha Wamarekani. Kwa kiasi kikubwa namna hiyo, vitamini E huifanya damu ichelewe kuganda. Kwa hiyo:

1. Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda, kama warfarini au aspirini ya kila siku, asimeze vidonge hivi bila daktari kujua.

2. Anayesubiri upasuaji aseme mapema kama anavimeza.

3. Mwenye presha kubwa awe mwangalifu zaidi. Huko Ufini, katika jaribio la wanaume wavuta sigara lililotangazwa mwaka 1994, waliopewa vitamini E walikufa zaidi kwa kiharusi cha kuvuja damu kichwani.

4. Akina baba wasimalizie kopo la mama. Jaribio la wanaume zaidi ya 35,000, matokeo ya mwaka 2011, lilionyesha kwamba waliomeza vitamini E peke yake walipata saratani ya tezi dume zaidi, kiasi cha asilimia 17, kuliko waliopewa kidonge bandia.

Kama daktari amekupa vitamini E kwa sababu maalumu, usiiache kwa kusoma gazeti. Rudi kwake umuulize. Ninayemsema hapa ni mchuuzi ambaye hakupimi, hakuulizi unatumia dawa gani, na kesho yuko mnada mwingine.

CHUNGUNI MWETU MNA NINI?

Wazee wenye miaka zaidi ya 65 watakumbuka mwaka 1973, redio zilipotangaza Mtu ni Afya, na mwaka 1975, ilipokuja kampeni ya Chakula ni Uhai. Vikundi vilikaa chini ya miembe, vikasikiliza na kujadili. Jina la kampeni ile ya pili lilikuwa somo tosha. Basi tutazame uhai ulioko katika chakula chetu cha pwani ya kusini.

Alizeti. Mafuta yake yanaongoza. Kijiko kimoja kikubwa kina karibu miligramu 5 za vitamini E. Vijiko viwili katika chakula cha siku vinatosha kufikisha kile kiasi cha 7.5.

Karanga. Gao moja, yaani kiganja kilichojaa, lina karibu miligramu 2. Karanga zilizotwangwa na kutiwa katika kisamvu au mchicha ni dawa na kitoweo kwa pamoja. Lakini chagua vizuri. Karanga zenye ukungu, zilizosinyaa au zilizobadilika rangi huweza kuwa na sumukuvu, ambayo hudhuru ini. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Karanga mbovu usimpe hata kuku.

Ufuta. Huu ndio utajiri wa mkoa wetu, nasi tunauuza wote! Vitamini E ya ufuta zaidi ni ya aina ambayo mwili hauihifadhi sana, kwa hiyo kwa vitamini E pekee alizeti na karanga zinaupita. Lakini ufuta una mafuta mazuri, na una vizuia-kutu vyake vyenyewe. Ndiyo maana mafuta ya ufuta hayachachi upesi. Tena ufuta usiokobolewa una madini mengi ya kalsiamu, yanayojenga mifupa. Kabla ya kupeleka magunia yote ghalani, bakiza debe moja la nyumbani. Kaanga kidogo, twanga, tia katika uji au mboga.

Korosho. Ni chakula kizuri chenye mafuta yanayofaa moyo, ingawa vitamini E yake ni kidogo. Lakini hebu tulitazame bibo. Wakati wa msimu mabibo huoza chini ya mikorosho au huishia katika pombe. Bibo lina vitamini C mara kadhaa kuliko chungwa, na tumekwisha ona kwamba vitamini C ndiyo inayomrudishia nguvu mzima cheche wetu. Lioshe, lile bichi, au kamua juisi uinywe siku hiyo hiyo.

Mboga za majani. Mchicha, matembele, majani ya maboga na kisamvu vina vitamini E kiasi na vizuia-kutu vingine vingi. Tia mafuta kidogo unapopika, kwa sababu vitamini E haifyonzwi bila mafuta. Kisamvu kitwangwe na kichemshwe vizuri ili sumu yake itoke.

Embe, papai, boga na parachichi. Embe moja la wastani lina karibu miligramu 2 za vitamini E, mbali na vitamini C na ile rangi yake.

Nazi. Najua hapa nitawaudhi wengi. Sisi bila tui hatuli. Lakini ukweli ni kwamba mafuta ya nazi karibu hayana vitamini E, na mafuta yake ni ya aina inayopandisha lehemu. Sikatazi nazi. Nashauri mama aliyekoma hedhi asile tui zito kila siku. Leo tui, kesho karanga, keshokutwa alizeti au ufuta.

Tunza pia ulichonacho. Mafuta yaweke katika chombo chenye kifuniko, mahali pa giza, mbali na jiko. Jua, joto na hewa huiua vitamini E. Mafuta yaliyokaangia samaki mara tatu au nne, yakawa meusi, hayana tena vitamini E ya maana. Hayo yamwage.

Sasa piga hesabu ya siku moja. Vijiko viwili vya mafuta ya alizeti, gao la karanga, bakuli la mchicha na embe moja hufika karibu miligramu 15 au 16. Hicho ni kiasi kile kikubwa cha Wamarekani, bila kopo na bila mchuuzi.

MAMBO MATATU AMBAYO KOPO HALIYAWEZI

Kwanza, presha. Presha haina dalili mpaka imekwisha haribu. Mama wa miaka 45 na zaidi apimwe angalau mara moja kwa mwaka, hata kama hajisikii vibaya. Ikiwa 140 kwa 90 au zaidi, na ikapimwa tena siku nyingine ikawa vilevile, hiyo ni presha ya kupanda. Ukipewa dawa, meza kila siku. Ukishindwa fedha ya dawa, njoo useme. Usiache kimya kama alivyofanya mama yule. Punguza chumvi, pamoja na ile ya ng'onda. Samaki mkavu loweka kwanza, umwage maji.

Pili, mifupa. Kula dagaa wazima na mifupa yao, maziwa ukiyapata, na ufuta. Toka juani asubuhi ili mwili utengeneze vitamini D. Endelea na kazi za shamba na kutembea, kwa kuwa mfupa unaofanya kazi hukaza. Nyumbani ondoa vitu vya kujikwaa gizani.

Tatu, na hili ni kubwa kuliko yote: damu. Mama ambaye hedhi imekoma kwa mwaka mzima, kisha akaona damu, hata tone, hata mara moja, asingoje. Si ujana unaorudi, wala si damu mbaya inayotoka. Mara nyingi sababu huwa ndogo, lakini yaweza kuwa saratani ya mlango wa kizazi au ya mji wa mimba. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza miongoni mwa saratani za wanawake wa Tanzania. Ikionekana mapema hutibika.

Hata asiyeona damu anafaa kupimwa. Kipimo ni rahisi. Hakuna kupasuliwa. Uliza zahanati yako ni kituo gani kinachofanya kipimo hicho karibu nawe. Anayehitaji matibabu makubwa hupelekwa hospitali ya wilaya au ya mkoa, na kutoka hapo huweza kupelekwa Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Wajukuu wa kike nao wasisahauliwe, kwani chanjo ya kuwakinga na saratani hii ilianza kutolewa nchini kote mwaka 2018.

Kama unaona haya kusema na mimi kijana, mwombe muuguzi mwanamke, au njoo na binti yako. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua.

NA LILE JOTO LA GHAFLA?

Lala na nguo nyepesi. Acha dirisha wazi, lakini lala ndani ya chandarua. Jioni punguza pilipili, kahawa na vinywaji vya moto. Ukilowa jasho, jifute kwa kitambaa chenye maji baridi. Kwa wengi hali hii hupungua kadiri miaka inavyopita. Ikizidi hata ukashindwa kulala na kufanya kazi, mwone daktari, maana zipo dawa za homoni na nyinginezo. Daktari ataangalia kwanza kama zinakufaa, kwa sababu si kila mama anaweza kuzitumia. Ukavu wa njia ya uzazi pia una dawa. Usijitie mitishamba wala sabuni huko ndani.

MWISHO

Yule mama wa kopo siku hizi huja kila mwezi kuchukua dawa zake. Presha yake imetulia. Siku moja aliniletea karanga katika kikapu, akaniambia, "Hizi ndizo vitamini zangu, mwanangu. Kula na wewe." Nilicheka, lakini nilijifunza pia. Mama akiuliza, "Nimeze?" anastahili jibu kamili, hata kama foleni ni ndefu.

Basi, fedha ya ufuta ikiingia, panga hivi: kwanza dawa uliyoandikiwa, pili chakula cha mchanganyiko, tatu nauli ya kwenda kupimwa. Mchuuzi akikuita, mwambie vitamini E unayo jikoni.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini panya wa mwaka 1922 walihitaji vitamini E zaidi kuliko mama anayekula mlo kamili?

2. Akina mama wa Iowa walifaidika na vitamini E ya namna gani?

3. Taja vyakula vitano vya kijijini kwenu vyenye vitamini E au C. Ni vipi mnaviuza vyote bila kubakiza?

4. Mama aliyekoma hedhi miaka mitatu iliyopita ameona damu. Mtamshauri afanye nini, na lini?

5. Katika kijiji chenu, ni nani kati ya akina mama wa miaka 45 na zaidi amepimwa presha mwaka huu?

MAANA YA MANENO

Antioksidanti: vitu vinavyozuia mwili usiharibiwe na oksijeni.
Estrojeni: homoni ya kike inayopungua hedhi ikikoma.
Homoni: kitu kinachotengenezwa mwilini na kupeleka amri sehemu nyingine kwa njia ya damu.
Lehemu: mafuta ya katika damu, yakizidi huziba mishipa.
Seli: sehemu ndogo kabisa iliyo hai ya mwili.
Sumukuvu: sumu inayotokana na ukungu wa nafaka na karanga.